Handeni Tunauza Maua, Wenzetu Wanauza Machungwa



Wiki iliyopita kwenye grupu letu la WhatsApp, mdogo wetu mmoja aliandika kwa furaha kwamba amechaguliwa kusoma shahada ya biashara, upande wa masoko. Hazikupita dakika tano majibu yakaanza kumiminika. Mmoja akauliza, "Kuuza nyanya nako kunataka miaka mitatu?" Mwingine akasema bora angesoma sheria kama mimi, angalau siku moja aje kututoa mahabusu. Watu wakacheka sana. Na mimi nilicheka, tena niliongezea neno langu.

Naandika leo kuliondoa neno hilo. Dogo alinyamaza, hajaandika tena kitu kwenye grupu mpaka leo, na nadhani tumemkosea. Tumejikosea na sisi wenyewe, hasa sisi wa Handeni na Korogwe, kwa sababu kama kuna watu nchi hii wanaohitaji msomi wa masoko kuliko wanavyohitaji wakili, ni sisi. Nasema hivyo nikiwa mwanafunzi wa sheria.

Mzee, dalali na karatasi ya daftari

Nina rafiki yangu niliyelala naye bweni moja kidato cha tano na sita hapa Korogwe. Kwao ni Handeni, kijiji cha pembeni ya barabara kuu, upande wa Segera. Mimi nilisoma HGL, yeye HGE. Matokeo yalipotoka mimi nikaenda sheria, yeye akachagua biashara na masoko. Sababu yake ilikuwa moja, alikuwa akiirudia hata usiku taa zikishazimwa: "Nataka nijue nani anayepanga bei ya machungwa ya baba."

Baba yake ana ekari chache za michungwa. Sasa fuateni hesabu hii taratibu, kwa sababu ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Vyuo vinafunguliwa Oktoba kuelekea Novemba. Ada, hosteli, bima, kitambulisho, vyote vinadaiwa hapohapo. Kipindi hicho michungwa ya Tanga inatoa maua, au imebeba vitunda vya ukubwa wa gololi. Mavuno makubwa yanakuja kuanzia Mei, Juni na kuendelea. Kwa hiyo mzee mwenye mtoto chuo, mwezi Novemba ana deni mkononi na maua mtini. Hapo ndipo dalali anapopiga hodi.

Kwetu tunaita kuuza maua. Dalali anazunguka shamba, anahesabu miti kwa macho, anataja bei ya shamba zima, anatoa hela taslimu. Mwaka ule rafiki yangu alipoingia chuo mara ya kwanza, shamba la baba yake lilienda kwa laki saba. Mkataba uliandikwa kwenye karatasi iliyochanwa kwenye daftari: machungwa yote ya shamba mpaka msimu uishe. Chini yake sahihi ya dalali, dole gumba la mzee, na jina la jirani kama shahidi.

Juni, machungwa yalipoiva, yalijaza malori. Rafiki yangu alikuwa nyumbani likizo, akakaa chini ya mti na kalamu, akahesabu matenga yanavyotoka. Ukigawanya ile laki saba kwa idadi ya machungwa, chungwa moja la baba yake halikufika hata bei ya pipi. Jioni akanitumia picha ya ile karatasi. "Mwenzangu, si wewe ndo mwanasheria? Tutoe hapa."

Nilifungua Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Nikasoma usiku kucha nikitafuta mlango. Mzee ni mtu mzima, ana akili timamu, hakutishwa, hakudanganywa kuhusu shamba lake mwenyewe. Kilichouzwa ni halali. Bei ilitajwa na ikalipwa. Na sheria inasema wazi kwamba malipo kuwa madogo peke yake hakuubatilishi mkataba kama mtu alikubali kwa hiari yake. Ikabidi nimwambie ukweli: mkataba umesimama.

Siku hiyo nilijua kozi yangu inaishia wapi. Sheria inalinda makubaliano, lakini bei inapotajwa sheria haipo pale shambani. Mtu aliyetakiwa kuwepo kabla dole gumba halijagusa wino ni mtu wa masoko. Mtu anayejua chungwa lile linaenda Buguruni au Kongowea, linauzwa kiasi gani huko, wanunuzi wengine wako wangapi, na mzee angeweza kusubiri kwa njia ipi. Wakili anakuja baada ya kuumia. Mtu wa masoko ndiye angekuja kabla.

Masoko siyo kupiga kelele stendi

Wengi wetu tukisikia "masoko" tunawaza matangazo, mabango na vijana wa promosheni wenye tisheti za kampuni za simu. Hiyo ni sehemu ndogo. Walimu wa somo hili huligawa katika mambo manne: bidhaa yenyewe, bei yake, njia ya kuifikisha kwa mnunuzi, na namna ya kuitangaza. Tuyapime mambo hayo manne kwa vitu vyetu.

Chukua bidhaa. Chungwa la Tanga linaiva likiwa na ganda la kijani, kwa sababu ganda linahitaji usiku wa baridi ili kugeuka rangi na pwani yetu haina baridi hiyo. Ndani ni tamu na lina maji tele. Lakini nenda supamaketi yoyote kubwa Dar es Salaam, utakuta machungwa ya Afrika Kusini au Misri yamepangwa vizuri, ya rangi ya dhahabu, kila moja na stika yake. La Handeni liko nje ya geti, kwenye toroli, halina jina. Mteja haambiwi kwamba la kijani limeiva. Hakuna aliyelipwa kumwambia. Hiyo kazi, kumfundisha mlaji asihukumu tunda kwa ganda, ndiyo kazi ya mtu mwenye shahada ile tuliyoicheka.

Chukua bei na vipimo. Mahindi ya Handeni bado yanatoka vijijini kwa lumbesa, wakati kanuni zinakataza na gunia halitakiwi kuzidi kilo 100. Kila mwaka viongozi wanatangaza vita dhidi ya lumbesa, na kila mwaka inarudi. Inarudi kwa sababu mkulima hana mizani, hana ghala, na hana mnunuzi wa pili. Polisi hawezi kumpatia mkulima mnunuzi wa pili.

Sasa vukeni na mimi zile kilomita 65 kutoka Handeni mpaka Korogwe, tuangalie mkonge. Kila mtoto wa Korogwe amekua akiona mistari ya mkonge mpaka macho yanachoka: Hale, Magunga, Ngombezi, Mwelya, Magoma. Mmea huu uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche iliyobaki hai baada ya safari ikapandwa upande wa Pangani. Miaka ya katikati ya 1960 nchi yetu ilikuwa inaongoza duniani, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa kwenye tani kama 20,000 tu.

Watu wana majibu mepesi kuhusu anguko lile. Wapo wanaosema ni utaifishaji wa baada ya Azimio la Arusha, basi. Usimamizi ulichangia, sikatai. Lakini kumbukeni pia kilichotokea upande wa mnunuzi. Kamba za plastiki ziliingia, wakulima wa Ulaya na Marekani waliokuwa wakifungia nyasi kwa kamba za mkonge wakahamia huko, Brazili nayo ikauza mkonge wake kwa ushindani. Sisi tulikuwa na bidhaa moja, nyuzi ghafi, na mteja wa aina moja. Mteja alipobadilika hatukuwa na wa pili. Hilo ni somo la masoko la mwaka wa kwanza, na Korogwe ililisoma kwa njaa. Mashamba yalirudi pori, nyumba za wafanyakazi zikabomoka, na wazee wetu waliokuwa wakikata mkonge wakabaki kukata mkaa.

Leo mkonge unafufuka, na wakulima wadogo wako kwenye AMCOS zao. Nafurahi. Lakini swali la mwaka 1964 bado liko palepale: nani ananunua, kwa nini ananunua kwetu, na akiacha tutamuuzia nani? Nani amesomeshwa kulijibu swali hilo kwa niaba ya mkulima wa Magoma?

Wanachofundishwa wenzetu

Nisije nikaonekana nasifia digrii kama dawa ya kila kitu. Rafiki yangu ananiambia miaka miwili ya kwanza mifano darasani ilikuwa sabuni, soda, mitandao ya simu na magari. Kitabu kikuu cha fani hii duniani, cha Mmarekani Philip Kotler, kilitoka mara ya kwanza mwaka 1967. Ni mwaka uleule sisi tulipotangaza Azimio la Arusha. Wao walikuwa wanajifunza kumsoma mteja, sisi tulikuwa tunajifunza kumwogopa mfanyabiashara.

Sisemi Mwalimu hakuona umuhimu. Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kilianzishwa mwaka 1965, miaka minne tu baada ya Uhuru, kwa sababu nchi ilikuwa na Waafrika wachache mno waliofundishwa kufanya biashara. Lakini miaka iliyofuata ikafuta nusu ya kazi hiyo. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na mamlaka za mazao zikachukua nafasi yake. Sheria ya kuvirudisha ikaja 1982. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na neno "mlanguzi" likawa tusi la kumtupia mtu yeyote mwenye katoni mbili za sabuni chini ya kitanda. Kizazi kizima kilikua kikiamini kwamba anayenunua na kuuza ni mwizi aliyechelewa kukamatwa.

Mabaki ya imani hiyo ndiyo yaliyocheka kwenye grupu letu wiki iliyopita. Tofauti ni kwamba mlanguzi hakuondoka. Alibaki, akaitwa dalali, na akawa peke yake anayejua bei.

Halafu kuna fildi. Rafiki yangu alipelekwa ofisi moja mjini kwa mafunzo ya vitendo, wiki nane. Alifanya nini? Alitoa fotokopi, akachemsha chai, akapanga mafaili. Wakati huohuo, Korogwe na Handeni kuna AMCOS, kuna masoko ya wiki, kuna wakulima wa machungwa wasio na hata ukurasa mmoja wa kumbukumbu za bei za miaka mitatu. Msomi anachemsha chai mjini, na mkulima anauza maua kijijini. Serikali iliyo makini ingewakutanisha hawa wawili, wala haihitaji mkopo wa Benki ya Dunia kufanya hivyo.

"Jiajirini," halafu?

Hapa sasa tuingie kwenye siasa yenyewe.

Kila kiongozi wa chama tawala akipewa kipaza sauti mbele ya wahitimu, wimbo ni uleule: vijana msichague kazi, jiajirini. Sawa. Kama hilo ndilo agizo, basi kozi za biashara zingekuwa mbele kwenye mipango ya nchi. Mbona kwa miaka mingi kwenye mpangilio wa vipaumbele vya mikopo ya elimu ya juu, kozi za biashara, pamoja na yetu ya sheria, zimekaa nyuma ya udaktari, ualimu wa sayansi na uhandisi? Sipingi daktari kupewa kwanza. Mama zetu wanajifungua, tunahitaji madaktari. Napinga kumwambia mtoto wa mkulima "jiajiri" huku ukimweka mwisho wa foleni kwenye elimu ya kujiajiri.

Angalia pia marejesho. Kabla ya mwaka 2016 aliyeajiriwa alikatwa asilimia 8 ya mshahara wa msingi kulipa mkopo wa chuo. Baada ya marekebisho ya sheria mwaka huo ikawa asilimia 15. Tuwe wakweli, ile tozo ya kulinda thamani ya asilimia 6 iliyokuwa ikinenepesha madeni ilifutwa mwaka 2021, na aliyeifuta alifanya jambo jema. Lakini mtazameni aliyejiajiri. Yeye anatakiwa kulipa asilimia 10 ya mapato yake yanayotozwa kodi, na kiwango cha chini kimewekwa shilingi 100,000 kwa mwezi.

Fanyeni hesabu na mimi. Mwajiriwa mwenye mshahara wa msingi wa 400,000 anakatwa 60,000. Mhitimu wa masoko aliyetii agizo, akarudi Handeni, akafungua biashara ya kukusanya na kusafirisha machungwa, mwezi mbaya akabaki na faida ya 300,000, anadaiwa 100,000. Theluthi moja ya mkate wake. Aliyesubiri ajira analipa kidogo, aliyejiajiri analipa zaidi, na mwezi ambao hakuna machungwa kabisa bado anadaiwa ileile. Aliyepanga kiwango hicho hajawahi kuuza kitu chenye msimu.

Na ile mikopo ya halmashauri? Sheria ilibadilishwa mwaka 2018 kuzitaka halmashauri zote zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Aprili 2023 ikasimamishwa nchi nzima, baada ya ripoti za CAG kuonyesha fedha nyingi hazijarejeshwa na vikundi vingine ni hewa. Ikarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Yaani aliyehitimu katikati ya hapo akiwa na andiko lake safi la biashara, alikuta dirisha limefungwa kwa sababu ya vikundi hewa ambavyo hakuviunda yeye. Waliofaidi uchawa walishakula, bili akaletewa asiyehusika.

Haki iliyoandikwa bila kufuli

Mtaniambia: dada, tuko kwenye kudai Katiba Mpya, unatuletea machungwa? Ndiyo, kwa sababu hapa ndipo yanapokutana.

Fungueni Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 11. Inasema kila mtu ana haki ya kujielimisha, na raia yuko huru kutafuta elimu katika fani anayoipenda mpaka kiwango chochote kulingana na sifa na uwezo wake. Inaendelea kuitaka Serikali ifanye jitihada watu wote wapate nafasi sawa na za kutosha kielimu katika ngazi zote. Maneno mazuri. Ukisoma hapo unaweza kudhani yule mdogo wetu wa grupu analindwa.

Sasa rudini nyuma mpaka Ibara ya 7, ibara ndogo ya 2. Inasema masharti ya sehemu ile, ambayo Ibara ya 11 imo ndani yake, hayawezi kutiliwa nguvu na mahakama yoyote. Kwa Kiswahili cha kijiweni: haki unayo, ila usiende nayo mahakamani. Nilipofundishwa jambo hili mwaka wa kwanza niliandika pembeni ya daftari langu alama tatu za kuuliza. Haki ambayo jaji haruhusiwi kuigusa ina tofauti gani na ahadi ya mgombea?

Kwa hiyo tunapodai Katiba Mpya, tusiishie kwenye Tume ya Uchaguzi na madaraka ya Rais, ingawa hayo ni ya msingi. Tudai pia haki ya elimu ihamishwe kutoka kwenye sehemu ya mapambo iende kwenye sehemu yenye meno. Siku hiyo mwanafunzi aliyewekwa mwisho wa foleni kwa sababu ya kozi yake atakuwa na mahali pa kuuliza "kwa nini" na kujibiwa kwa maandishi.

Na sisi je?

Makamanda, tukiishia kulaumu chama tawala nitakuwa nimeandika nusu ya makala.

Sisi vijana wa upinzani tuna ugonjwa wetu. Tunaheshimu wanasheria, wanahabari na wenye sauti kubwa jukwaani. Anayefanya biashara tunamtafuta siku ya kuchangia mafuta ya gari tu. Kwenye mikutano yetu tunaweza kutaja kwa kichwa kila kesi ya kisiasa, lakini ukiuliza bei ya gunia la mahindi Mkata wiki hii, watu wanaangaliana. Tunataka kumwongoza mkulima ambaye dalali anamjua kuliko sisi.

Dalali naye tusimfanye shetani. Ana lori, ana hela taslimu Novemba wakati hakuna mwingine mwenye nayo, na anabeba hatari ya mvua na wadudu. Nguvu yake inatokana na kuwa peke yake. Akitokea wa pili na wa tatu, na mkulima akijua bei ya Buguruni ya jana, dalali huyohuyo atakuwa mfanyabiashara wa kawaida.

Basi napendekeza mambo manne, na yote yanaweza kuanza bila kusubiri mwaka wa uchaguzi.

Moja, tudai kiwango cha chini cha shilingi 100,000 kwa aliyejiajiri kifutwe, kila mtu alipe kwa uwiano wa anachopata, na mwenye biashara ya msimu aruhusiwe kulipa kwa msimu. Mkopo ni deni, lazima ulipwe, hatubishani hapo. Tunabishania mgawanyo.

Mbili, tuziulize halmashauri zetu nne, yaani Handeni Wilaya na Mji, Korogwe Wilaya na Mji: asilimia 4 ya vijana mwaka huu ni shilingi ngapi, na imeenda kwa vikundi gani? Msiulize kwa kupiga kelele, andikeni barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Barua nitaiandika mimi, nyie mtafute sahihi. Wakikaa kimya, tutakuwa na kitu mkononi cha kusimama nacho. Na vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi, twendeni tukakae mle.

Tatu, tushinikize wanafunzi wa biashara wapokelewe fildi kwenye AMCOS za mkonge na kwenye vijiji vya machungwa. Mwanafunzi mmoja, chama kimoja, wiki nane, na mwisho wa wiki nane aache daftari la bei na orodha ya wanunuzi. Asiache mafaili yaliyopangwa tu.

Nne, na hili ni letu wenyewe. Kila tawi la vijana liwe na mtu wa kuandika bei kila wiki: machungwa Segera, mahindi Mkata na Kabuku, mbogamboga Mombo na Korogwe mjini. Tubandike bei hizo na bei za Dar kwenye ubao wa tawi, mwanachama wa chama chochote asome. Hakuna kibali cha polisi kinachohitajika kuandika bei ya mahindi.

Msimu huu

Rafiki yangu anaingia mwaka wa tatu, wa mwisho. Michungwa imeshaanza kutoa maua, na dalali ameshapita mara mbili. Safari hii amemwomba baba yake asiuze. Mzee alimtazama muda mrefu, akamuuliza, "Na ada, mwanangu?" Naye akajibu kwamba ada ya muhula wa kwanza mama atakopa VICOBA, kisha yeye na familia nyingine za jirani watauza pamoja, kwa matenga yaliyohesabiwa, machungwa yakishaiva. Ameshazungumza na wanunuzi wawili Buguruni na mmoja Mombasa. Mmoja wa Buguruni hapokei simu tena.

Likiharibika, mama yake atakuwa na deni kwenye kikundi cha kina mama wenzake, baba yake atakuwa amekosa hata ile laki saba, na yeye hataruhusiwa kuingia chumba cha mtihani wa mwisho bila kumaliza ada. Anajua yote hayo. Aliyaandika kwenye karatasi, faida upande huu, hasara upande ule, akanitumia picha. Safari hii hakuniomba nitafute mlango kwenye sheria. Aliniomba nimwandikie mkataba wa kuuza pamoja, ukurasa mmoja, Kiswahili chepesi, ambao mzee akisomewa ataelewa kila mstari kabla ya kuweka dole gumba.

Nimeuandika. Jumamosi naenda Handeni kuusoma mbele yao.

Na wewe mdogo wetu uliyechaguliwa kusoma masoko, kama umesoma mpaka hapa: samahani. Hongera sana. Rudi kwenye grupu, tuna kazi na wewe.